Mifupa ya Maboksi na Boga la Nazi

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, nilikuwa Guangzhou kikazi. Siku hizi nawatafsiria wanunuzi wa kutoka nyumbani wanapokuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, na jioni ile nilikuwa nimesimama ndani ya treni ya chini ya ardhi, miguu inawaka, koo limekauka kwa kutaja bei za watu wengine. Wakaingia watoto wa shule na mwalimu wao. Mmoja alipakwa rangi nyeupe usoni, mwingine alivaa kofia nyeusi iliyochongoka, wa tatu alikumbatia boga la plastiki lenye meno. Abiria wakatoa simu kuwapiga picha. Mimi nikageukia dirisha, maana machozi yalikuwa yamenijia bila kunibishia hodi. Wewe unanijua, silii hovyo. Ila nilikuwa nimeikumbuka wiki moja ya darasa la tatu, katika mji ule ule, na nilikuwa sijaifikiria kwa miaka mingi.

Wakati ule baba alikuwa ananunua jinzi na fulana za jumla kwenye maduka ya Zhanqian, karibu na stesheni, na kuzipakia kontena kwenda Dar. Tulikaa ghorofa ya juu, nyumba ya vyumba viwili na sebule, lakini sebule haikuwa yetu. Msimu wa maonyesho ulipofika, mama aligeuza nyumba kuwa mahali pa kulia chakula. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja, waliochoshwa na tambi na mchuzi mtamu, walipanda ngazi zetu mchana na jioni, wakavua viatu mlangoni, wakaketi mkekani. Wali wa nazi, maharage, samaki wa kupaka, pilau siku ya Ijumaa. Mama alikuna nazi za Hainan kwa mbuzi ya kukunia aliyoileta kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo. Mpaka leo nikisikia nazi ikikunwa, ile kwaru-kwaru ya haraka, nasikia pamoja nayo honi za pikipiki za umeme kule chini na mwanamke wa duka la pili akipiga kelele kwamba hakuna, meiyou, meiyou, bei hiyo hakuna.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumenya vitunguu saumu. Niliketi pembeni ya mkeka na bakuli, kimya, nikisikiliza watu wazima wakilalamikia mizigo iliyochelewa.

Kimya ndicho nilichojulikana nacho. Shule yangu ilikuwa ghorofa moja tu ya jengo la ofisi, watoto wa wafanyabiashara wa kila aina: Wayemeni, Wahindi, Wakongo, Wachina wachache ambao wazazi wao walitaka wajue Kiingereza. Nyumbani Kiswahili, darasani Kiingereza, barabarani Kichina. Baada ya mwaka mzima nilikuwa naelewa karibu kila kitu na sisemi chochote. Mwalimu akiuliza, nilinyoosha kidole kwenye jibu ubaoni. Mtu pekee niliyezungumza naye pale alikuwa rafiki yangu, binti wa Kikongo kutoka Lubumbashi, kwa sababu Kiswahili chake na changu vilielewana, ingawa kila mmoja aliamini cha mwenzake kimepinda.

Mwalimu wetu alitoka Ufilipino. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya pole na macho yasiyopitwa na kitu. Jumatatu ya wiki ile aliingia na picha kubwa ya mifupa ya mtu, akaibandika ukutani. Akatuambia kwamba Ijumaa itakuwa Halowini, na kwamba wiki nzima tutajifunza vitu ambavyo watoto hutishiwa navyo: mifupa, popo, buibui, giza. "Kitu ukishakijua jina," alisema, "hakibaki kikubwa vile." Neno hilo sijalisahau.

Akaomba maboksi. Mimi ndiye niliyekuwa na maboksi, nyumba yetu ilijaa ya baba. Kesho yake nilifika nimebeba furushi linalonipita urefu. Tulikata mifupa yote, tukaiunga kwa vishikizo vya chuma ili viungo vikunjike, tukaining'iniza kwenye kamba. Lilikuwa jitu refu kuliko mwalimu, na kwa kuwa yalikuwa maboksi ya mzigo, kwenye paja lake la kulia palikuwa na alama ya glasi, ile ya kusema hiki kinavunjika, na nyuma ya mbavu pameandikwa Dar es Salaam kwa wino mweusi. Viungo vingi nilivifunga mimi. Mwalimu alisimama nyuma yangu akitazama.

"Ijumaa wazazi watakuja," akaniambia. "Wewe utasimama hapa na kututajia mifupa yote."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu lile jitu lilikuwa la kwetu, na sikutaka mtu mwingine alisemee.

Jioni nilimwambia mama nikiwa nimeshika kitunguu changu. "Mama, Ijumaa nitasema mbele za watu."

Mama aliacha kukuna. Alikuwa amehangaika mwaka mzima na ukimya wangu, akanisomea dua, akaniuliza kama kuna mtoto ananionea. "Utasema nini?"

"Mifupa. Ni Halowini."

"Ndiyo nini hiyo?"

Aliyemjibu alikuwa mgeni wetu mmoja wa Unguja, mzee wa kuuza vitambaa, mcheshi, aliyekuwa akilala kwetu kila msimu. Yeye aliwahi kukaa Uingereza. "Ile sikukuu yao ya mizimu, bibie. Watoto wanavaa mashuka na sura za mashetani, wanapita milango ya watu kuomba peremende."

Mama akanitazama, kisha akamtazama baba aliyekuwa akihesabu fulana za sampuli pembezoni. "Na tena Ijumaa," akasema. "Hapana. Ijumaa utakaa nyumbani."

"Lakini mimi ni mifupa tu, mama. Si shetani."

"Nimesema utakaa nyumbani."

Nikamgeukia baba. Baba hakuinua kichwa. "Mama yako ameshasema," akajibu. Alikuwa na wanunuzi wa kupeleka Pazhou asubuhi na oda ya kufuatilia Kangle, kule kwenye karakana za kushonea, na ugomvi wa nyumbani ulikuwa jambo la mwisho alilotaka.

Sikulia, nakuambia. Nilikuwa mtoto wa kulia kwa jambo dogo, lakini usiku ule nilishikwa na kitu kigumu kifuani ambacho sikuwa nakijua. Niliamua kwamba nitajifunza mifupa ile yote, mmoja mmoja, kwa sauti, kama vile Ijumaa bado ni yangu. Akinizuia mama, atamzuia mtu ambaye tayari anajua.

Basi kila nilipomenya vitunguu nilitaja mifupa. Nilianza na ya miguuni, kwa sababu mtu akikaa mkekani miguu ya wageni ndiyo iliyo karibu na macho yake. Vidole, unyayo, kifundo, muundi, goti. Kwa Kiingereza, chini chini, halafu kwa sauti kidogo. Mzee wa Unguja akanisikia, akanyoosha mguu wake mrefu. "Haya, daktari. Hapa panaitwaje?" Nikamwambia. "Na hapa panaponiuma nikipanda ngazi zenu?" Nikamwambia. Ilipofika Jumatano jioni wageni wote walikuwa wanashindana kunyoosha viwiko na mabega, na mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alitoka kwetu akitaja mfupa wa nyonga kwa Kiingereza kana kwamba ameununua. Mama alikuwa jikoni, mgongo umetugeukia. Lakini niligundua kwamba kwaru-kwaru ya nazi ilikuwa ikinyamaza kila nilipoanza kutaja.

Shuleni nako siku zilikwenda. Tulipima maboga kwa kamba na rula, tukayapandisha kwenye mizani, tukakisia mbegu ngapi zimo. Mwalimu aliyanunua sokoni, na maboga ya sokoni Guangzhou mengi yana shingo ndefu, hayasimami. Tuliyalaza ubavu. Rafiki yangu Mkongo alikuwa akishika upande wa pili wa kamba yangu.

"Miye sitakuya vendredi," aliniambia. "Papa amekatala kabisa. Anasema ile ni mambo ya shetani, na shetani haendaka mu vacances." Yaani Ijumaa haji, kwa kuwa shetani hana likizo.

Nikamwambia kwetu ni Waislamu na mama kasema hayo hayo. Tulishangaa wote wawili. Baba yake na mama yangu hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, hata juu ya wali upikwe vipi.

Alhamisi, muda wa kuchonga maboga, mlango wa darasa ulifunguliwa na akaingia mama. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea na mtandio wa buluu. Hakuwahi kuja shuleni tangu siku ya kuniandikisha. Alinijia mezani kwangu, akaniambia, "Inuka, unitafsirie. Nataka nimwambie mwalimu wako mwenyewe, asije akadhani tumedharau."

Nilisimama kati yao. Mwalimu aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Mwambie," mama akaanza, "namshukuru kwa anavyokufundisha. Mwambie nimesikia mifupa tangu juzi nyumbani kwangu. Lakini kesho huji. Sisi hatuchezi na mashetani, hata kwa mzaha."

Sasa fikiria. Mwaka mzima sijatamka sentensi nzima mbele ya mwalimu yule, na sentensi ya kwanza inayotakiwa kutoka mdomoni mwangu ni ya kujifungia mlango mwenyewe. Mama hakujua Kiingereza. Nilijua kabisa kwamba ningeweza kusema lolote. Lakini nilimtazama, alivyosimama wima katikati ya wale watoto na zile mbegu sakafuni, amekuja mwenyewe kusema lake ana kwa ana, nikaona siwezi kulipunguza. Nikalisema lote. Shukrani, mifupa, mashetani, hata kwa mzaha.

Mwalimu hakunitazama kwa mshangao, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. Alimtazama mama. "Mwambie mama yako namwelewa," akasema. "Hata bibi yangu kule kijijini hazipendi hizi barakoa. Siku kama hizi yeye huenda makaburini. Anafagia, anapalilia, anapika, tunakula pale pamoja na waliotangulia, na mtu akipiga makelele anamchapa."

Nikatafsiri. Mama akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kwao wana adabu," akaniambia. Nikamuuliza kama hilo nalo nimtafsirie mwalimu. "Litafsiri," akasema. Nikalitafsiri, na mwalimu akacheka, na mama akataka kutabasamu lakini akajizuia.

Ndipo alipoiona ndoo. Ilikuwa chini ya meza, imejaa nyama ya boga, ya rangi ya machungwa iliyoiva, safi kabisa.

"Na hili linakwenda wapi?"

Nikamuuliza mwalimu. "Linatupwa," nikamwambia mama.

"Umesikia vizuri alichosema?"

"Nimesikia, mama. Linatupwa."

Mama aliinama, akachukua kipande, akakinusa, akakitafuna kibichi vile vile. Kabla hajasema kitu akaingia mpishi wa shule, mama wa Kichina mwenye aproni ya plastiki, ambaye kumbe alikuwa akiizungukia ndoo ile tangu asubuhi. Alishika mpini, akasema nasi sote kwa Kichina cha haraka, na neno moja likajirudia: nangua, nangua, boga, boga. Mama akaushika mpini upande wa pili. Nilidhani watagombana. Lakini mpishi alimwonyesha kwa vidole jinsi yeye anavyolikaanga na vitunguu saumu, na mama akamwonyesha kwa ngumi jinsi nazi inavyokamuliwa, na wote wawili wakaitazama ndoo, kisha wakatutazama sisi watoto na visu vyetu, kwa uso mmoja. Wakaigawana nusu kwa nusu.

Mlangoni mama aligeuka. "Mwambie mwalimu kesho nitalirudisha limepikwa. Utakuja na mimi. Utasema mifupa yako, basi. Mambo ya kupita kwenye milango ya watu na sura za mashetani, hapana."

Nilimtafsiria mwalimu kwa haraka, nikiogopa mama asije akabadili neno.

Ijumaa asubuhi nyumba yote ilinukia iliki. Mama alipika lile boga kwa tui zito, na sukari, na chumvi kidogo kama anavyofanya Ramadhani. Mzee wa Unguja alitubebea sufuria mpaka shuleni, limefungwa kwenye kanga, na njia nzima alikuwa akiwaambia Wachina waliomtazama kwamba yeye ni laoban wa maboga, bosi mkubwa. Kisha akatuacha akaenda zake kutafuta vitambaa.

Wazazi waliketi kwenye viti vidogo vya watoto, magoti juu. Kiti cha rafiki yangu Mkongo kilikuwa kitupu. Nilisimama pembeni ya jitu langu la maboksi. Kila mtoto alikuwa amevaa kitu, mabawa, mikia, kofia, na mimi nilikuwa na sare ya shule iliyopigwa pasi. Nilifungua mdomo nianze na fuvu, kama tulivyopanga na mwalimu, na hapakutoka kitu. Fuvu lilikuwa juu mno. Jina lake likawa limeniponyoka. Nikasikia mtu akikohoa, na mtoto mmoja nyuma akacheka.

Sikukubali. Kile kitu kigumu kilikuwa bado kipo kifuani. Niliinama, nikashika vidole vya mguu vya lile jitu, nikaanza chini, pale nilipozoea mkekani. Vidole. Unyayo. Kifundo. Maneno yakaja. Nilipofika kwenye muundi niliinua macho nikamwona mama. Hakuwa anaelewa Kiingereza changu hata kidogo, lakini mkono wake ulikuwa ukinifuata juu ya mwili wake mwenyewe. Nikataja goti, akagusa goti. Nyonga, akagusa nyonga. Tulipanda hivyo pamoja, mimi kwenye maboksi na yeye kwenye buibui lake, mbavu, bega, kiwiko, shingo, na nilipofika kwenye fuvu jina lake lilikuwa linanisubiri, na mama alikuwa ameweka kiganja kichwani, juu ya mtandio wa buluu.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa chini kando ya jitu langu.

Kisha ikaanza maandamano. Madarasa yote yalizunguka ghorofa nzima, mlango kwa mlango, kwa vifijo. Mama alishika neno lake, sikwenda. Tulikaa wawili darasani na sufuria letu, na sikufichi, niliumia kuzisikia zile kelele zikienda mbali bila mimi. Lakini wakawa wanafika na kwetu. Wa kwanza alikuwa mtoto mdogo wa Kichina, amejifunika shuka jeupe lenye matundu mawili, anasema kile kimaneno chao cha kuomba peremende. Mama alisimama na upawa mkononi.

"Mwambie avue hilo shuka kwanza. Simpi chakula mtu nisiyemwona uso."

Nikamwambia kwa Kichina. Hicho nacho kilitoka, Kichina cha mitaani, cha maduka. Mtoto akavua shuka, nywele zimemsimama, akapokea kikombe chake cha boga. Akaja mwingine, akavua pembe. Wachawi wakavua kofia, mzimu mmoja ukavua mpaka miwani. Wengine walionja wakarudisha. Wengine walirudi mara ya pili, na wale wa mara ya pili walianza kuvua barakoa tangu wakiwa mlango wa jirani. Nilitafsiri mpaka sauti ikakwama. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi vile katika maisha yangu yote kabla ya pale.

Tulibakiza kopo moja. Jioni tulimpelekea rafiki yangu. Baba yake, mtu mrefu mwenye Kifaransa cha kanisani, alifungua mlango, akalitazama kopo kwa shaka, akalionja kwa kidole. "Hii si ya shetani," akasema. "Kwetu tunapikaka na majani yake." Akalichukua lote.

Tangu wiki ile nikawa mdomo wa mama. Nilimsemea hospitali, sokoni, kwa mwenye nyumba, kwa askari waliokuja kukagua pasi za kusafiria. Nilichoka nao mdomo ule. Wakati mwingine nilitamani arudi kuwa na mtoto bubu.

Mwaka jana, baada ya kuwaona wale watoto wa kwenye treni, nilikwenda kulitafuta jengo. Ghorofa ya shule sasa inauza mikoba. Nyumba yetu wanakaa watu wasiofungua mlango. Wageni wa mkekani wametawanyika, wengi siku hizi wananunua kwa simu wakiwa Kariakoo, na mzee wa Unguja alishatangulia mbele ya haki. Rafiki yangu Mkongo na watu wa kwao walihama kwenda mji mwingine, na wakati ule watoto hatukuwa na namba za kupeana. Mwalimu alirudi kwao kabla sijamaliza shule, na sikuwahi kumwambia alichonifanyia.

Mama yuko Dar, mzima, anaulizia wajukuu. Nilipompigia simu kumwambia nimesimama nje ya jengo lile, alicheka. Naye alikuwa akikumbuka, nadhani, ila huenda alikumbuka siku nyingine. Mimi huwa naikumbuka asubuhi tuliyohama Guangzhou. Gari la mizigo lilikuwa limeshapakiwa, nami nilikuwa binti mkubwa wa sekondari, nimejiandaa kuwatafsiria mama na mama mwenye nyumba waagane, mwanamke mkali aliyetusumbua miaka yote ile. Mama akanipita. Akamshika mikono yule mwanamke, akaanza kuzungumza naye kwa Kichina, polepole, cha kujifunza sokoni, kimejaa makosa, na yule mwanamke akawa anaitikia kwa kichwa na kujifuta macho. Walizungumza kwa muda mrefu. Nilisimama pale na begi langu begani, nimefungua mdomo, na hapakuwa na mtu aliyenihitaji niseme.